Siku ya bahari: ukimchukua mama wa Kigamboni kwenye meli ya kitalii

Wengi wetu tulioko nje tukipanga kumtembeza mzazi kwa meli, akili yote huwa kwenye bandari. Tutashuka saa ngapi Mahé kule Shelisheli, Mombasa tutafika Fort Jesus au muda hautoshi. Na mimi nilipanga hivyo hivyo. Kumbe siku zinazotaka maandalizi ni zile ambazo meli haitii nanga popote, kuanzia alfajiri hadi usiku unaona maji tu.

Mama yangu ni mtu wa Mjimwema, Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar. Kwa miaka mingi ameamka saa kumi na moja alfajiri, kafagia uwanja, kawahi pantoni ya kuvukia mjini. Alitoka Dar kwa ndege, nami nikatoka Leicester, Uingereza, tukakutana Port Louis, Morisi, na kupanda meli ya kupitia Mahé na Mombasa hadi Dar. Asubuhi ya kwanza ya bahari nilimkuta ameshatandika vitanda vyote viwili, ameosha sinki, na mhudumu wa chumba amesimama mlangoni na taulo zake, kapigwa na butwaa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, jiulize mzazi wako atakaa vipi bila kazi. Kutoka Mahé hadi Mombasa ni karibu maili 950 za baharini. Kwa mwendo wa noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa, hizo ni siku mbili na zaidi.

Anza na chumba. Wahenga waliposema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni tumboni chini), walikuwa wanakijua chombo. Chukua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko ndiko meli inakotikisika kidogo. Vyumba vya juu kabisa na vya mbele vina mandhari nzuri, lakini bahari ikichafuka utaelewa neno "mrama" lilitoka wapi. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla meli haijaanza kuyumba, na mzazi mwenye dawa za presha aulize daktari wake kwanza. Mama alitafuna tangawizi tu, ikamtosha, lakini tulisafiri Januari na kaskazi ilikuwa ya upole. Kusi ni habari nyingine.

Kuna hofu pia, na usiicheke. Mtanzania wa rika la mama akisikia meli anakumbuka kuzama kwa MV Bukoba 1996, akisikia Nungwi anakumbuka kuzama kwa Spice Islander 2011. Maneno ya kumtuliza hayasaidii sana. Kilichosaidia kwetu ni miguu: baada ya zoezi la usalama la siku ya kuondoka tulirudia njia wawili, kutoka chumbani hadi kituo chetu cha kukusanyikia, kwa ngazi, bila lifti. Nikamwonyesha boti za uokozi zilizoning'inia, nikamfundisha ishara ya hatari: honi fupi saba, kisha moja ndefu. Akazihesabu kwa vidole. Usiku ule alilala.

Saa zitakuchanganya. Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukielekea pwani ya Afrika Mashariki kuna usiku mmoja ambao meli inarudisha saa nyuma. Simu msiiachie ijibadilishe yenyewe. Fuateni saa ya meli. Na kwa mzazi anayehesabu saa za Kiswahili, kaa naye usiku uandike ratiba upya kwa mkono wako. Mama aliona chakula cha jioni kimeandikwa 6, akajiandaa saa sita mchana, kavaa dera jipya na mkufu.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: pande mbili za meli si sawa. Januari jua letu la mchana liko upande wa kusini. Ukienda magharibi kutoka Mahé, upande wa kushoto unachomeka, wa kulia una kivuli na upepo wa kaskazi. Na kibla? Ukiwa Dar, Makka iko karibu kaskazini kamili. Ukiwa Shelisheli imesogea kaskazini-magharibi. Maana yake kutoka Mahé hadi Mombasa kibla kilikuwa upande uleule wa kulia, mwanzoni kikielekea mbele kidogo, halafu siku baada ya siku kikisogea hadi kuwa ubavuni kabisa. Dira ya simu ndani ya chuma kile chote usiitegemee. Tazama ramani ya safari kwenye televisheni ya chumbani. Mama alichagua kiti kimoja upande wa kulia, akakifanya chake. Ukimkosa chumbani, yuko pale.

Pale alikuwa na kazi yake: uzi na sindano ya kufumia vitambaa vya makochi. Hicho ndicho kitu bora nilichomwambia abebe. Mimi nilimjazia ratiba ya bingo, mihadhara na darasa la kucheza dansi, akaenda mara moja kwa heshima yangu. Siku ya pili ya bahari wanawake wanne walikuwa wamemzunguka wanajifunza fundo, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Birika la umeme na pasi aziache nyumbani, zitachukuliwa mlangoni na kurudishwa mwisho wa safari. Ugali msahau. Wali upo kila siku, pilipili iombe, na kama mnataka nyama halali mwone mkuu wa wahudumu jioni ya siku ya kwanza, si mkiwa mezani. Kabla ya bufee oshani mikono kwa maji na sabuni. Ile dawa ya kupaka mikononi haiviui vizuri virusi vya kuhara vinavyopenda meli.

Pesa: meli nyingi zinazohudumia soko la Marekani hukata bakshishi ya kila siku, kama dola 15 hadi 20 kwa kila mtu, juu ya nauli. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni tangu mnaondoka gatini, la sivyo mtandao wa meli utakuletea bili ya kukutoa machozi. Zahanati ya meli nayo si ya bure, hivyo bima ya safari ya mzazi iwe inataja waziwazi safari za meli. Viza zikague kwa kila bandari hata kama hamna mpango wa kushuka.

Dar tuliingia asubuhi. Nilimwamsha mapema bure, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Rubani wa bandari alishapanda, meli ikaingia polepole kwenye ule mlango mwembamba, Kigamboni upande mmoja na Magogoni upande wa pili, mnara wa kanisa la Azania Front unaonekana. Pantoni ilikuwa imesimama imejaa watu, bodaboda na mikokoteni, ikitusubiri tupite. Mama akaitazama muda mrefu.

"Leo wanisubiri wao," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.