Kumpokea Rafiki wa Familia Anayerudi Kutoka Ng'ambo

Rafiki wa familia anayevuka bahari ili akae nyumbani kwenu siku nne au tano si mtalii, na mwenyeji anayelisahau jambo hilo humchosha mgeni kwa safari za kutazama mandhari, huku watu aliowajia wakibaki bila kuonana naye. Ninaandika nikiwa na nyumba yetu ya Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, akilini, kwa kuwa huku mlimani familia nyingi zina rafiki wa aina hii: muuguzi, mwalimu au mtumishi wa kanisa kutoka Ujerumani au nchi jirani zake, aliyefanya kazi kwetu miaka ya 1970 au 1980, akala mezani kwa wazazi wetu, akawabeba wadogo zetu mgongoni, kisha akarudi kwao bila kukata mawasiliano.

Kazi ya kwanza, wiki tatu au nne kabla ya safari, ni kumwomba akutajie majina ya watu anaotamani kuwaona, kisha kuwatafuta mmoja mmoja. Baadhi yao watakuwa wamehamia Dar es Salaam au Arusha kwa watoto wao, baadhi hawasikii tena vizuri kwenye simu, na wengine wameshafariki. Habari za misiba mpe mapema, kabla hajapanda ndege, kwa maana si vyema mtu apate taarifa ya kifo cha rafiki yake wa miaka arobaini akiwa amesimama uani na begi mkononi.

Sisi tulikosea hapo. Alipokuja muuguzi aliyekuwa rafiki wa mama, siku ya kwanza tulimpeleka kwenye maporomoko ya Kinukamori na ya Kilasiya, tukidhani tunampumzisha. Jioni akauliza kwa upole tutakwenda lini kwa mpishi wa zahanati, ambaye zamani walilala chumba kimoja. Tulipofika asubuhi iliyofuata tulikuta kufuli mlangoni, kwani bibi yule alikuwa amechukuliwa alfajiri na mwanawe kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Walizungumza kwa simu dakika kama kumi hivi, na baada ya kuagana mgeni wetu alibaki ameishikilia ile simu kifuani kwa muda, bila kusema neno. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu wazee hutembelewa kwanza, na kama muda utabaki, ndipo tunakwenda kwenye maporomoko.

Makaburi nayo yapangiwe muda wake. Kwa Wachagga walio wengi marehemu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la familia linaloizunguka nyumba, hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo mgeni ataliona kaburi la mwenyeji wake wa zamani hata kabla hajaingia ndani. Fyekeni njia inayopita migombani, hasa kati ya Machi na Mei, wakati mvua za masika zinapofanya udongo uteleze kiasi cha kumwangusha mtu mwenye magoti mazito. Wekeni kigoda karibu, mwacheni peke yake kwa muda anaoutaka, na msiwe na haraka ya kumpiga picha. Yule muuguzi wetu aliinama, akaokota majani makavu ya mgomba yaliyodondokea sementi, moja baada ya jingine, akayaweka pembeni kwa mpangilio kana kwamba anakunja shuka za wodini, hatukumzuia.

Mambo ya karatasi hayahitaji maelezo marefu. Viza ya Tanzania huombwa mtandaoni kupitia Idara ya Uhamiaji. Ada ya viza ya kawaida ni dola 50 za Marekani, na raia wa Marekani hulipa dola 100. Fomu hudai anwani ya mahali atakapofikia, basi mwandikie anwani kamili pamoja na namba yako ya simu. Mkumbushe kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, asije akafungia zawadi zake humo, na kwamba kanuni za mwaka 2025 zinakataza malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo atahitaji kubadilisha fedha zake benki. Mnapopanga muda wa kukutana, andika saa ya Kiswahili na ya kizungu pia. Huenda yeye bado anakumbuka kwamba saa mbili asubuhi ni saa nane ya kwao, lakini mumewe au mwanawe anayefuatana naye hajui.

Ndege za kutoka Ulaya mara nyingi hutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku, na kutoka hapo hadi Marangu ni takriban kilomita 80. Usiku huo asikutane na ngoma, hotuba wala mbuzi wa kuchoma. Mpe maji ya moto ya kuoga, mtori mwepesi na chai, kisha aende kulala; ukoo utamsalimia kesho. Chumbani aikute chandarua isiyo na matundu, tochi juu ya stuli iliyo karibu na kichwa chake, kwa sababu umeme hukatika, ndara, jagi la maji yaliyochemshwa, na blanketi la pili iwapo amekuja Juni au Julai, miezi ambayo baridi ya mlimani huwashangaza hata wageni wa Ulaya. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, mwite fundi mapema afunge bomba imara la kushikilia ukutani. Jambo hili watu huona aibu kulitaja, na mgeni mwenye miaka sabini na mitano ataona aibu zaidi kuliomba, kwa hiyo litengenezeni bila kungoja aseme. Mwulize pia, kabla hajaja, kama anatumia dawa inayohitaji kukaa kwenye friji, na ujue ni nani atakayeendesha gari usiku kwenda KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, ikihitajika.

Mzungumzishe Kiswahili. Vijana wetu hukimbilia kumwonyesha Kiingereza chao, ilhali mtu huyu amekaa miaka mingi bila mtu wa kuongea naye lugha aliyoipenda, na maneno humrudia taratibu, siku ya pili au ya tatu, akipewa nafasi ya kusita. Mpeni na kazi pia. Akiomba kumenya ndizi jikoni, apewe kisu na mahali pa kukaa, kwa kuwa mazungumzo ya kweli hufanyika pale penye moshi, si sebuleni kwenye vitambaa vya kufuma.

Linalobaki ndilo gumu zaidi, nalo ni fedha. Kabla hajafika, aliye mkubwa katika familia awakutanishe ndugu na aseme waziwazi kwamba mgeni hataombwa ada ya shule, bati wala mtaji. Nasema hivi nikijua kwamba shida ni za kweli na kwamba yeye mwenyewe ana moyo wa kutoa; lakini akivutwa pembeni na watu sita kwa siku tatu, anaanza kuogopa kutembea peke yake kihambani, na urafiki wa miaka mingi unageuka kuwa orodha ya madeni. Akitaka kuacha kitu, akiache mbele ya wote kwa mkono wa mzee wa nyumba.

Naye asiondoke mikono mitupu. Kahawa ya shambani kwenu, iliyokaangwa na kutwangwa nyumbani, hubebeka vizuri na hudumu. Nyama na jibini msimfungie, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kuziingiza. Siku ya safari ondokeni mapema kiasi cha kufika KIA muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka, na njiani mwachie kiti cha upande ambao mlima utaonekana.

Baada ya wiki mbili mpigie simu, kisha mwezi ukiisha mpigie tena. Mpe habari za nyumbani, na umwulize kama amepata homa yoyote, kwa sababu malaria huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya mtu kuumwa na mbu, na daktari wa kule hataifikiria asipoambiwa kwamba mgonjwa wake ametoka Tanzania.