Simu mpya ya msimu wa korosho na mtihani wa Novemba: jinsi ya kukaa na simu janja bila kupoteza masomo wala watu wako

Huku kwetu simu mpya zina msimu wake. Korosho zikianza kuokotwa, minada ikaanza mwezi wa kumi na hela ikashuka kwenye akaunti, ukipita madukani Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Mtwara mjini unakuta wazazi wamesimama na watoto wao wanachagua simu. Sio vibaya, mtu kahangaika mwaka mzima kupalilia na kupulizia salfa, anataka mwanae nae afurahi. Shida ni kalenda. Mtihani wa form foo ni Novemba, kwahiyo kijana anakabidhiwa simu janja ya kwanza maishani mwake wiki tatu nne kabla ya mtihani aliousomea miaka minne. Mimi nafundisha tuisheni jioni hapa Mtwara na kila mwaka wapo wawili watatu waliokuwa wanakuja vizuri mpaka Septemba, afu Oktoba wanakuja macho mekundu na daftari halina kipya. Inaniuma sana kwasababu ni watoto wenye uwezo. Kwahiyo naandika vile ninavyowaelekeza hawa wangu, vijana na wazazi kila mtu achukue kinachomfaa.

Cha kwanza mdogo wangu, acha kuapa. Kila mtu anajua zile ahadi za "kuanzia leo siingii TikTok" na jioni yupo humohumo. Sio kwamba huna akili, zile app zimetengenezwa na watu wanaolipwa ili wewe usitoke. Ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, unavuta na vingine vinakuja tu, ulibuniwa 2006 na Mmarekani anaitwa Aza Raskin na mwenyewe baadae alisema hadharani anaujutia. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa unapata kaupenyo ka kujiuliza niendelee au nikalale, sasa hivi hako kaupenyo hakapo. Kupambana na kitu cha namna hiyo kwa kukaza roho peke yake utachoka siku ya tatu.

Kinachosaidia ni umbali, na nasema umbali wa miguu kabisa. Ukiwa unasoma simu isiwe chumba kimoja na wewe. Kuigeuza kifudifudi juu ya meza haitoshi, kuitoa sauti ukaiweka mfukoni haitoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walichapisha mwaka 2017 majaribio waliyofanya na watu karibu 800, wengine simu iko mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine wameiacha chumba kingine, zote hazina sauti, na walioiacha chumba kingine ndio waliofanya vizuri kuwashinda wenye simu mezani. Kuna waliorudia majaribio ya aina ile wakapata tofauti ndogo au wasiione, kwahiyo sikwambii ni sheria, ila kwa wanafunzi wangu nimeliona kwa macho yangu. Na ile ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia mashuleni inasema mwanafunzi akishatolewa kwenye somo na mambo mengine inaweza kumchukua hadi dakika 20 kurudi pale akili ilipokuwa. Piga hesabu mwenyewe, ukiguswa na meseji tatu ndani ya saa moja hiyo saa imebaki nini?

Najua utasema kwetu chumba ni kimoja na tumo watano. Basi impe mtu. Kuna kijana wangu mmoja anaiacha dukani kwa mjomba wake akitoka kununua mkate, anaipitia saa tatu usiku duka linapofungwa. Kuna binti simu yake inakaa kwenye kabati la vyombo jikoni kwa bibi yake, na bibi haitoi mpaka aambiwe leo umesoma nini, yaani yule bibi hajui hata kusoma lakini anauliza maswali mpaka mtoto anajikuta anarudia somo zima kwa mdomo. Hiyo ni bora kuliko app yoyote ninayoijua.

Muda wa kuanzia nawaambia chukueni magharibi mpaka isha. Ni kama saa moja na kitu, na hata kama wewe huswali adhana utaisikia, ni kengele ya bure isiyotaka chaji. Ukizoea hiyo wiki mbili ndio uongeze kipande kingine baada ya isha. Ukitaka kujua saa tumia saa ya ukutani au simu ya kitochi, umeme ukikatika kuna zile taa ndogo za sola, usijipe kisingizio cha tochi ya simu. Neno usilolijua liandike pembeni, utalitafuta baadae ukishamaliza.

Sasa simu yenyewe uipe kazi. Kabla hujawasha data andika kwenye karatasi unachokifuata, mfano "vitabu vya Baiolojia" au "jinsi ya kuchora grafu ya mwendo", ukikipata kidaunlodi afu zima data usome ikiwa imezimwa. Bando lako litakaa na wewe utakaa. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bure kabisa, wengi huku hawajui, mtu anahangaika kutafuta kitabu cha kuazima wakati kipo. Kingine ambacho naomba kila mtahiniwa akifungue kabla hajafa na pasti pepa ni zile ripoti za NECTA, yaani Baraza la Mitihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zipo kwenye tovuti yao kwa kila somo, zinaeleza swali kwa swali watu walikosea wapi na kwanini, na wanakuwekea kipande cha jibu zuri na kipande cha jibu bovu yameandikwa kwa mkono wa mtahiniwa mwenyewe. Ukisoma mbili tatu unaanza kuona wengi wanaanguka kwa kutoelewa swali linataka nini, kaambiwa eleza yeye kaorodhesha. Mimi hizi ripoti ndio zimebadilisha ninavyofundisha, na simu ndio imenifikishia, kwahiyo nikisema simu isogee mbali simaanishi itupwe baharini.

Ila kuwa na PDF arobaini kwenye simu sio kusoma. Soma ukurasa, funga, andika unachokumbuka kwenye karatasi bila kuchungulia, afu fungua ulinganishe. Inauma mwanzoni kwasababu unajiona hujui kitu, wengi wanakimbilia kurudia kusoma kwasababu kurudia kuna raha. Lakini mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapima wanafunzi wiki moja baada ya kusoma na waliojipima wenyewe walikumbuka zaidi ya wale waliosoma kwa kurudiarudia.

Tuje kwenye magrupu. Grupu la WhatsApp la "Form 4 Mpaka Kieleweke" lenye watu mia na hamsini sio la kusomea. Asubuhi kuna swali la Hesabu, saa nne imekuja video ya mtu kaanguka na bodaboda, mchana mabishano ya Simba na Yanga, usiku anatokea mtu anauza mtihani anasema umevuja, tuma hela. Huyo wa mwisho ni tapeli, mblokie na utoke. Wewe tafuteni watu watano, sita wakizidi sana, na iwe ni watu mnaoweza kufikiana kwa miguu au kwa bodaboda moja. Utaratibu unaofanya kazi kwa hawa wangu ni huu: mmoja anapiga picha swali moja anatuma mchana, kila mtu anafanya kwenye daftari, kabla ya kulala anatuma picha ya alichoandika kwa mkono wake, hakuna kukopi wala kuandika "nimeelewa". Jumamosi mnakutana uso kwa uso, Chikongola au Ligula au kwa nani vile kwenye ubao, mnarudia yale yaliyowashinda. Magrupu mengine yote ya ukoo na ya mtaa yatoe sauti, WhatsApp inakupa masaa 8, wiki 1 au siku zote, chagua siku zote. Na ingia kwenye setingi uzime ile ya kudaunlodi picha na video zenyewe, hiyo ndio inakumalizia bando hata hujui.

Hapa kwenye watu ndio pana uzito kwangu. Simu imetufaa, rafiki yako aliyepelekwa bweni akirudi likizo mnapatana palepale, binamu yuko Dar, dada kaolewa Nachingwea, unaongea nao kama wako uani. Lakini wa karibu tunawapoteza. Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja alifiwa na mama yake. Grupu la darasa lilijaa "pole sana" na vikatuni vya machozi, nilihesabu zilikuwa zaidi ya sitini. Matangani walikuja wawili. Wawili, na wengine wanaishi mitaa miwili kutoka pale. Yule mtoto aliniambia baadae kwamba alikuwa anasoma zile pole usiku anazidi kujiona yuko peke yake, na mpaka leo nikilikumbuka nakosa raha. Hawakuwa watoto wabaya, kila mmoja aliona ameshafanya sehemu yake. Kwahiyo hili nalitia kwenye maelekezo sawasawa na mambo ya kusoma: msiba, ugonjwa, matokeo mabaya, rafiki kanyamaza siku tatu, nenda. Kama ni mbali piga simu aisikie sauti yako. Meseji iwe ya kusema nakuja.

Na ugomvi usimalizwe kwa kuchati, wala usitafsiri tiki za bluu, pengine mwenzako kaishiwa chaji tu. Mkikaa barazani au mkiwa mnakula simu zote ziwekwe sehemu moja, mwanzoni watalalamika wiki ya pili wamezoea. Mabinti na wavulana wote, picha ya utupu usimtumie mtu yeyote hata akuapie vipi, ikishatoka mkononi mwako hairudi, na wewe uliyetumiwa ukiisambaza Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu.

Usingizi nitasema kifupi. Mtu wa miaka 13 mpaka 18 anatakiwa alale masaa 8 hadi 10, na bando la usiku linaonekana rahisi lakini unalilipa kesho yake darasani. Simu ichajiwe sebuleni, sio kichwani kwako.

Nyumba nyingi simu janja ni moja, ya mama au ya kaka. Hapo kaeni mpange saa yako kabisa, mfano saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, uende na karatasi yako ya unachokifuata, ukimaliza urudishe. Wanafunzi wangu wa namna hii mara nyingi ndio wanaitumia vizuri zaidi.

Wazazi sasa. Kama umeshaahidi simu kwa hela ya korosho nunua, usimvunje moyo mtoto, ila mwambie mapema itakaa kwako kwenye boksi lake mpaka jioni ya pepa la mwisho. Laini ya mtoto aliye chini ya miaka 18 inasajiliwa kwa jina lako wewe mzazi au mlezi, kwahiyo una haki ya kupanga. Siku ya kumpa kaa nae saa moja. Akifungua TikTok aandike mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa, kwasababu tangu 2023 walio chini ya miaka 18 wanawekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku, na hata kama kinaweza kurukwa angalau kinamshtua, wanaodanganya umri hawakipati. Kwenye Android kuna Digital Wellbeing ndani ya setingi, muwekee dakika kwa kila app mkiwa wote wawili mnaangalia. Afu mwambie namba ya kwanza kuseviwa iwe ya bibi yake, na ampigie palepale.