Kutafuta poti kwa jina la huduma katika programu ya C

Tuseme mizani ya soko la mahindi Kibaigwa imeunganishwa na kompyuta inayotuma kilo za kila gunia kwenye seva iliyoko Dodoma mjini. Ukiandika 28500, namba ya poti (mlango wa programu kwenye mtandao), ndani ya kodi, siku poti ikibadilika itabidi ukompaili upya kila mahali. Kwenye kodi weka jina tu, namba ikae nje.

Hatua ya 1. Kwenye kompyuta zote mbili, angalia kama poti ina mwenyewe kwenye /etc/services, faili lenye majina ya huduma na poti zake:

grep -w 28500 /etc/services

Kusipotoka kitu, ongeza mstari huu kwenye faili hilo ukiwa root (msimamizi wa mfumo):

mizani 28500/tcp

Usivuke 32767. Kuanzia 32768 hadi 60999, Linux kwa kawaida hujigawia poti za miunganisho inayotoka, na ipo siku seva itagoma kuwaka kwa kukuta yake imeshakaliwa.

Hatua ya 2. Andika poti.c:

```c
#include <stdio.h>
#include <netdb.h>
#include <arpa/inet.h>

int main(void) {
    struct servent *s = getservbyname("mizani", "tcp");
    if (s == NULL) {
        fprintf(stderr, "mizani haipo\n");
        return 1;
    }
    printf("%d\n", ntohs(s->s_port));
    return 0;
}
```

Hatua ya 3. Kompaili: gcc -Wall poti.c -o poti, kisha ./poti. Itoke 28500.

Ikitoka 21615, umesahau ntohs, inayogeuza namba kutoka mpangilio wa mtandao kwenda wa kompyuta yako. s_port huja kwa mpangilio wa mtandao, baiti nzito mbele. Prosesa za Intel huanza na nyepesi. 28500 ni 0x6F54, ikipinduliwa inakuwa 0x546F, yaani 21615. Kwa http utaona 20480 badala ya 80. Ila unapojaza sin_port (sehemu ya poti kwenye anwani ya soketi), ichukue s_port kama ilivyo. Wengi huipitisha tena kwenye htons (kinyume cha ntohs), wakaipindua upya, halafu wanalaumu mtandao. Kutoka namba kwenda jina: getservbyport(htons(28500), "tcp").

Ukipata NULL, kagua herufi kwanza: "Mizani" si "mizani". Kisha itifaki, huenda umeomba "udp". Kwenye kontena ndogo za Debian faili lenyewe linaweza kuwa halipo, sakinisha netbase.

Jibu hukaa kwenye kumbukumbu moja ya pamoja, na mwito unaofuata huweza kulifuta. Nakili namba papo hapo; penye thredi nyingi, glibc (maktaba ya C ya Linux) ina getservbyname_r.

Kwa kodi mpya, afadhali getaddrinfo: ipe anwani ya seva na "mizani", weka ai_socktype iwe SOCK_STREAM (yaani TCP), nayo itajaza anwani na poti kwa pamoja, IPv6 ikiwemo. Ikishindwa, sababu isome kwa gai_strerror, si perror.