Jinsi ya Kudai Fidia Ukiumizwa na Mashine ya Dobi Jijini Mwanza

Mfanyakazi wa dobi kubwa inayofua mashuka ya hoteli au hospitali, akivutwa mkono na roli za mashine ya kupigia pasi au akiunguzwa na mvuke wake, ana haki ya kudai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Michango ya Mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Anayekatwa mshahara kwa jina la mchango huo anadhulumiwa.

Baada ya huduma ya kwanza, mtaarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Taarifa ya mdomo inakubalika, lakini nasisitiza maandishi, kwa sababu madai mengi huimarika au kudhoofika hapa. Usiandike tu kwamba uliumia mkono kazini. Eleza saa, mashine, shuka lilivyokuwa likiingizwa, kama kinga ya vidole ilikuwepo au ilikuwa imefunguliwa ili kazi iende haraka, kama kitufe cha kuzimia kwa dharura kiliitika, na nani alishuhudia.

Hospitalini, iwe Sekou Toure au Bugando, mwambie daktari wazi kwamba umeumia kazini ili aliandike hilo kwenye cheti chako, kisha utunze nakala.

Mwajiri hupaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu apate habari za ajali. Akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko jijini Mwanza ukiwa na kitambulisho, mkataba, hati za mshahara, taarifa za daktari na namba ya akaunti ya benki. Kibarua asiye na mkataba aende na chochote kinachothibitisha ajira yake, kama daftari la mahudhurio au miamala ya malipo kwenye simu. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa hali ya jeraha ikishatulia: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana mwajiri akikuletea fedha wodini pamoja na karatasi ya kuachana na madai, usiisaini, kwani wakati huo hakuna ajuaye vidole vitakunjika kwa kiasi gani.

Ajali iripotiwe pia OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ili mashine ikaguliwe kabla mwenzako hajapangiwa zamu kwenye roli zilezile.