Jinsi ya kusoma mkataba wa Thorn wa 1411 bila kudanganywa na ramani

Kila mwaka darasani kwangu swali ni lile lile: "Mwalimu, mtu anashindaje vita halafu anaondoka na kiganja cha mchanga?" Sijibu. Natoa penseli nyekundu.

Anza kwa kuandika pembeni nani alikuwa na nini mkononi siku ya mkataba huu wa amani kati ya Poland na Lithuania na Wateutoni, lile shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani, 1 Februari 1411. Usiishie kwenye vita vya Grunwald. Kweli, 15 Julai 1410 Mfalme Władysław Jagiełło wa Poland na binamu yake Vytautas wa Lithuania waliwachakaza Wateutoni, na mkuu wao Ulrich von Jungingen akafia uwanjani. Lakini ngome yao ya Marienburg haikuanguka. Heinrich von Plauen, kamanda wao aliyekuja kuwa mkuu mpya, aliishikilia hadi Septemba, waliomzingira wakafungasha virago. Ukiisahau Marienburg, mkataba mzima utauona wa kipuuzi.

Sasa penseli. Pigia mstari kila neno linalotaja muda. Hapa mimi humaliza kipindi kizima. Samogitia, eneo walilogombania na Wateutoni, wanapewa Walithuania, sawa, ila kwa uhai wa Jagiełło na Vytautas tu. Wakishakufa wote wawili, inarudi kwa Wateutoni. Na Vytautas wakati huo alikuwa mtu wa miaka kama 60! Kwa hiyo kwenye ramani usiipake Samogitia rangi ya Lithuania. Ichore mistarimistari, ni nguo ya kuazima hiyo. Eneo la Dobrzyń limerudi Poland. Halina utata, lipite.

Halafu piga hesabu. Wateutoni walikubali kulipa kopa 100,000 za groshi za Prague, yaani sarafu za fedha, kwa mafungu, hasa kuwakomboa wafungwa. Kopa moja ni groshi 60, kwa hiyo zidisha: 6,000,000. Darasa huangua kicheko likisikia "kopa", nami nawaacha wacheke, maana deni lenyewe lilimfanya von Plauen awakamue watu kodi na kukusanya hadi fedha za makanisani. Wenzake walimng'oa 1413.

Mwisho ruka mbele. Mwaka 1414 walipigana tena, wakasimamisha vita kwa miaka miwili tu. Ni kwa mkataba wa Melno, 1422, ndipo Wateutoni walipoiachia Samogitia moja kwa moja. Tukifika hapo nawaambia wanafunzi wafute mistari, wapake rangi.