Namna ya Kujiandaa kwa Kipimo cha Saratani ya Tezi Dume

Saratani ya tezi dume inapoanza mara nyingi haitoi dalili yoyote, kwa kuwa uvimbe wake huota zaidi pembezoni mwa tezi, mbali na mrija wa mkojo. Kwa hiyo usisubiri mkojo ukatikekatike ndipo umwone daktari; tatizo hilo aghalabu huletwa na tezi kutanuka kwa umri, hali ambayo si saratani.

Zungumza na daktari kuhusu kupimwa ufikapo miaka 50, au 45 ikiwa una asili ya Kiafrika au ikiwa baba au ndugu yako wa kiume aliugua kabla ya kutimiza 65. Kabla ya kwenda, waulize wazee wa ukoo bila kuona haya, maana wanaume wengi huuficha ugonjwa huu, na uulizie pia saratani ya matiti na ya ovari upande wa wanawake, kwa sababu zipo jeni za kurithi zinazochangia zote tatu.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA, yaani kipimo cha kiwango cha protini itengenezwayo na tezi dume, nacho hakihitaji kufunga kula. Kinachohitajika ni kujizuia kumwaga shahawa na kuendesha baiskeli kwa saa 48, kwani mambo hayo huweza kupandisha kiwango. Ikiwa umeugua maambukizi ya njia ya mkojo, subiri takriban wiki 6 baada ya kupona. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa finasteride, dawa ya tezi iliyotanuka au ya upara, ambayo hushusha PSA kwa karibu nusu na hivyo huweza kuficha hatari. Huenda daktari pia akaipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni jambo la muda mfupi tu.

Kiwango kikizidi nanogramu 4 kwa mililita, usikate tamaa: wanaume wapatao 3 kati ya 4 wenye PSA ya juu hawana saratani. Kwa kawaida kipimo hurudiwa, kisha hufuata picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na ikibidi kipande kidogo cha tezi huchukuliwa kwa uchunguzi. Hata saratani ikipatikana, iliyo ya polepole huweza kufuatiliwa tu bila upasuaji wala mionzi, matibabu ambayo huweza kuathiri nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo. Uliza kuhusu hilo kabla ya kutolewa damu.

Ikiwa PSA iko chini ya 2.5, unaweza kurudi baada ya miaka 2. Ikifika hapo au kuzidi, rudi kila mwaka. Tunza majibu yote pamoja na tarehe zake, kwa sababu daktari huangalia pia jinsi kiwango kinavyopanda mwaka hadi mwaka.