Kukaza mkanda wa deki kwenye trekta ya kukata nyasi: anza na mkono wa kukaza, si dukani

Kati ya Machi na Mei, nyasi za kikuyu hapa Nairobi hazingoji mtu. Ukichelewa kuzikata kidogo tu, trekta ndogo inaanza kuacha mistari ya nyasi zilizolala bila kukatwa, unasikia mlio ukiingiza visu, halafu harufu ya mpira unaoungua. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: ukifika penye nyasi nzito, visu vinapungua kasi lakini injini inaendelea kunguruma vilevile. Hapo mkanda wa deki, yaani mpira unaozungusha visu ndani ya lile sanduku la chuma chini ya trekta (deki), unateleza. Injini nayo ikilemewa, mkanda umeshika vizuri. Shida yako ni mzigo, visu butu, au injini yenyewe.

Hivi karibuni nilimsaidia mzee anayetunza uwanja wa shule moja upande wa Karen. Msimu huohuo alikuwa ameshabadilisha mkanda, na aliponipigia simu alikuwa anajitayarisha kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kutafuta mwingine, mfupi kidogo. Nikamwambia, "Mzee wangu, usinunue bado." Mkanda aliokuwa nao ulikuwa mzima kabisa.

Hatua ya 1: Zima mashine

Toa ufunguo, funga breki ya kuegesha, chomoa waya wa plagi. Subiri injini ipoe. Vaa glovu, kwa sababu utagusa visu. Shusha deki hadi chini kabisa.

Hatua ya 2: Safisha juu ya deki

Fungua vifuniko vya puli na utoe nyasi zilizogandamana kwa brashi ngumu. Usitumie maji ya presha ya kuoshea magari, kwani yanasukuma uchafu na maji ndani ya beringi. Piga picha ya njia ya mkanda kwa simu kabla hujagusa chochote.

Hatua ya 3: Kagua mkono wa kukaza

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayokula siku nzima ikirukwa.

Puli ya kukaza imefungwa kwenye mkono wa chuma unaozunguka kwenye bolti moja, na mkono huo unavutwa na springi. Kwenye mashine zinazoingiza visu kwa leva, ukiisukuma, kebo na springi vinauvuta mkono, nao unaubana mkanda. Kwenye zile zenye klachi ya umeme (visu vinaingizwa kwa swichi), kwa kawaida springi inavuta wakati wote. Mkanda ukirefuka kwa kazi, mkono unatakiwa kuufuata. Kwa hiyo mkazo unategemea uhuru wa mkono kutembea. Mkono ukikwama kwa kutu, springi inahangaika na kutu badala ya mkanda, na hapo hata mkanda mpya utaungua.

Kinachopoteza watu ni kwamba mkono uliokwama unaweza kukudanganya. Mashine ikiwa imesimama, unaubonyeza mkanda kwa kidole na kuukuta umekaza. Ukianza kukata, mkanda unapata joto na kulegea kidogo, mkono haufuati, na mkanda unateleza. Ndiyo maana simwamini mtu anayepima mkanda wa deki kwa kidole peke yake.

Fanya hivi. Vaa miwani ya kazi, shika springi kwa koleo na uivue. Toa mkanda kwenye puli ya kukaza. Kisha sukuma mkono kwa vidole viwili, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Utembee laini safari nzima. Ukikwaruza au kusimama mahali popote, umeshapata adui wako.

Jaribu pia kuunyanyua juu na chini. Mkono ukicheza sana, bushi (bomba dogo ndani ya tundu la mkono) imelika, puli inainama, na mkanda utakuwa unalika upande mmoja.

Kama mashine yako ina kebo, itenganishe na mkono uipime peke yake. Kebo iliyoingia maji inakwama ndani ya ganda lake, nawe utaulaumu mkono bure.

Sasa angalia bolti yenyewe, kwani hapo ndipo tatizo la mzee wa Karen lilipokuwa. Mikono mingi ya aina hii hushikwa na bolti yenye bega: sehemu laini iliyo ndefu kidogo kuliko unene wa mkono, ili nati ikikazwa ibane bega, si mkono. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameweka bolti ya kawaida na kuikaza kwa nguvu zote. Mkono ulibanwa kama mlango uliopigwa misumari. Ukikosa bolti sahihi, wapo mafundi wa kuchonga vyuma Kariobangi Light Industries watakaokutengenezea wakiiona ya zamani. Usikubali bolti ya kawaida iliyolegezwa nusu nusu. Mtikisiko wa deki utaitoa.

Kama ni kutu tu, toa bolti, sugua tundu na bolti kwa brashi ya waya na msasa, futa, paka grisi kiasi, rudisha. Mafuta ya kupuliza yanalegeza kutu vizuri, lakini baada ya siku chache yamekauka, kwa hiyo usiishie hapo. Na grisi isiguse mkanda.

Ukimaliza, jaribu tena deki ikiwa chini, kisha ikiwa kwenye kimo unachokatia. Deki ikipanda, pembe ya mkanda kutoka puli ya injini inabadilika, na mkono uliokuwa huru chini unaweza kugonga kitu ukiwa juu.

Hatua ya 4: Springi

Ikiwa imevuliwa, mizunguko yake iwe imegusana. Ukiona mwanga katikati, imechoka. Nunua nyingine ya mashine hiyo hiyo. Usiikate, usiifunge tundu la mbali, usiongeze ya pili. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unaua beringi za visu na kuilemea shafti ya injini, tena unaweza kuendelea kuvuta visu hata baada ya kuvizima. Hilo la mwisho linakata watu vidole.

Hatua ya 5: Puli

Zungusha kila puli kwa mkono. Ikikwaruza, badilisha beringi kwa kufuata namba iliyochapwa juu yake. Sakafu ya mfereji wa puli ikiwa inang'aa, mkanda unakaa chini badala ya kushika kuta: ama mkanda umelika, ama puli.

Hatua ya 6: Mkanda, kama kweli umeisha

Nyufa, nyuzi zilizochomoza, au kuta zinazong'aa kama kioo: badilisha. Usiupake sabuni ya kipande. Najua inanyamazisha mlio, lakini mlio ndio unaokuambia kuna shida.

Dukani, chunga namba. Mkanda wa upana wa nusu inchi ulioandikwa 4L950 una urefu wa inchi 95 ukipimwa nje. Ulioandikwa A95 unapimwa ndani, kwa hiyo nje ni karibu inchi 97. Ukitaka unaolingana na 4L950, omba A93. Kwa ile mipana zaidi, 5L na B, tofauti ni kama inchi 3. Inchi hizo zinakula safari ya mkono, na unaanza upya kulalamika. Usipime kwa mkanda wa zamani pia, umesharefuka. Soma namba ya kipuri kwenye kitabu cha mashine.

Mimi huchagua wenye nyuzi imara za aramidi na kitambaa cha nje kilichotengenezewa kazi ya kushika na kuachia. Mkanda wa kawaida wa viwandani ni wa bei nafuu, lakini umeundwa kwa mota inayozunguka muda wote bila kuachia.

Hatua ya 7: Rudisha na ujaribu

Fuata picha uliyopiga. Hakikisha mkanda umepita ndani ya vyuma vya kuuzuia usiruke, na haujajipinda. Kama kuna nati ya kurekebisha, ongeza mzunguko mmoja mmoja hadi springi ifikie urefu ulioandikwa kitabuni.

Rudisha vifuniko na waya wa plagi, kaa kwenye kiti, washa, ingiza visu, kisha viachie. Vitabu vingi vya mashine hizi hutaka visu visimame ndani ya sekunde 5. Visiposimama, usikate nyasi. Rudi hatua ya 3 na ya 4, na ukague breki ya visu.

Mkanda mpya hurefuka mapema, kwa hiyo kagua mkao wa mkono tena baada ya saa chache za kwanza za kazi. Baada ya hapo, toa ile bolti na upake grisi kila mwaka kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba.